Nani Akae Dunguni?

Mtama ukianza kuingia maziwa, mkulima wa Dodoma hana tena siku ya kupumzika. Tangu alfajiri mpaka jua linapozama lazima awepo mtu shambani, mwenye macho, mwenye sauti na mwenye kitu cha kurusha, na kesho yake vivyo hivyo, wiki baada ya wiki, hadi masuke yakauke na kukatwa. Kazi hiyo huitwa kuamia ndege. Wengine husema kuwinga. Ikifanywa vizuri, matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Pengine ndiyo sababu historia za kilimo, zilizojaa plau, bei za pamba na amri za mabwana shamba, huipita kimya kimya.

Lakini anayetaka kujua kwa nini ugali wa nyanda kavu za Afrika Mashariki ulibadilika rangi ndani ya karne moja, au kwa nini serikali zilipeleka baruti porini kupambana na kiumbe cha gramu ishirini, hana budi kuanza na huyo anayewingwa.

Kwelea, au kwelea kwelea kama magazeti ya Tanzania yanavyomwita, ni wa ukoo wa mnana, wale ndege mafundi wa kusuka viota. Urefu wake ni sentimita 12 hivi, uzito wake kati ya gramu 15 na 26. Wakati wa kiangazi hana la kumtofautisha: mgongo wa kahawia wenye michirizi, tumbo jeupe lililofifia, na mpita njia angeapa kwamba ni shomoro. Kinachomfichua ni mdomo, mfupi, mnene na mwekundu, ulioumbwa kwa kupasua mbegu. Mvua zikikolea, dume hubadilika. Uso hufunikwa na kinyago cheusi, na kichwa na kifua hupata rangi ya waridi au manjano. Jike hubaki vilevile, ila mdomo wake huacha wekundu na kuwa wa manjano.

Madume wenyewe hawafanani. Huyu ana kinyago cheusi tii, yule cheupe. Utosi wa huyu umeiva waridi, wa jirani yake ni njano ya majani makavu. Katika ndege wengi rangi ya dume ni tangazo la afya na nguvu zake, na wataalamu walitegemea kukuta hivyo hata kwa kwelea. Mtafiti James Dale alipolipima jambo hilo, akachapisha matokeo yake mwaka 2000, aligundua kwamba rangi hazisemi lolote kuhusu ubora wa dume. Maelezo yaliyobaki ni kwamba zinafanya kazi ya kitambulisho cha taifa: kwenye mgunga mmoja wenye mamia ya viota, ni muhimu jirani amjue jirani yake.

Na viota hivyo ni jambo la kutazamwa kwa karibu. Dume huanza kwa kufunga pete ya majani mabichi kwenye tawi lenye miiba. Huketi katikati ya pete hiyo na kusuka kuelekea mbele, kuta zikifika pale tu mdomo wake unapofika, ndiyo maana kiota kinatoka na kipimo cha mwili wa aliyekisuka. Jike akiikubali pete, kazi humalizika kwa siku mbili tatu. Mara nyingine yai la kwanza hutagwa paa likiwa bado wazi. Mayai kwa kawaida ni matatu, ya samawati iliyofifia. Huatamiwa kwa takriban siku kumi, na wiki mbili baadaye makinda wako nje. Tangu pete ya kwanza mpaka miti kuachwa mitupu hupita kama siku 40. Eneo la viota linaweza kuchukua hekta chache au kuzidi mia moja, na kelele zake husikika kabla miti haijaonekana. Tai, kozi na korongo wala mizoga hukusanyika, na chini ya miti nyoka na kenge husubiri makinda wanaoanguka.

Siku za kwanza makinda hulishwa viwavi na panzi, tena kwa wingi. Mkulima hapati nafasi ya kushukuru, kwa sababu ndege haohao wakishajua kuruka huhamia kwenye nafaka.

Makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba baada ya msimu wa kuzaliana kwelea wazima hufikia bilioni moja na nusu, idadi inayomfanya awe ndege wa porini aliye mwingi kuliko wote duniani. Mmoja hula takriban gramu 10 za mbegu kwa siku. Kundi la milioni moja, ambalo kwa kwelea si kundi kubwa, linahitaji basi tani 10 kila siku. Linapokula nyikani huonekana kama wingu linaloviringika ardhini: walio nyuma, wakikuta mbegu zimekwisha, huruka juu ya vichwa vya wenzao na kutua mbele, kisha wa nyuma yao nao hufanya hivyo. Mchana huenda kunywa maji na kupumzika vichakani, na jioni hulala kwa pamoja kwenye matete au miibani.

Wazungu walimjua mapema, ingawa si vizuri. Carl Linnaeus alimpa jina la kisayansi mwaka 1758 na kuandika kwamba makao yake ni India. Huenda ndege aliyeelezwa alifika Ulaya ndani ya meli zilizotoka mashariki na kutia nanga njiani kwenye pwani za Afrika. Ukweli ni kwamba anaishi katika nyika na mbuga za Afrika kusini mwa Sahara, kutoka Senegal hadi Sudan na Ethiopia, akashuka Kenya na Tanzania mpaka Afrika Kusini, na huepuka msitu mnene na jangwa tupu.

Kitendawili kilichochukua muda mrefu kuteguliwa kilikuwa safari zake. Mwaka huu wako elfu kwa elfu, mwaka ujao mahali palepale hayupo hata mmoja. Jibu lilitolewa na Peter Ward, aliyewachunguza kwelea wa pande za Ziwa Chad, katika makala ya mwaka 1971 kwenye jarida la Ibis. Kiangazi kizima kwelea huishi kwa mbegu zilizolala juu ya udongo. Mvua za kwanza zikipiga, mbegu hizo huota zote kwa pamoja, na ndege hupatwa na njaa wakati nchi inapoanza kuwa kijani. Kwa siku chache hushiba kumbikumbi, wakajaza mafuta mwilini, kisha hufanya jambo la kijasiri: huruka kuivuka mvua inayokuja na kutua kule ilikotangulia kunyesha wiki kadhaa nyuma, ambako nyasi zimekwisha kutoa mbegu mpya. Baadaye huifuata mvua wakirudi nayo, wakizaa hapa, wakizaa tena mamia ya kilomita mbele. Miaka miwili baadaye Ward na Mwisraeli Amotz Zahavi walipendekeza kwamba mahali pa kulala pa kwelea hufanya kazi nyingine pia: ndege aliyekosa chakula leo huwafuata kesho asubuhi wale walioondoka wakijua wanakokwenda.

Kwa mkulima maelezo hayo yana maana moja nzito. Mbegu za nyasi za porini ndizo chakula cha kawaida cha kwelea, na zikiwepo za kutosha mtama wa watu huweza kuponea chupuchupu. Zikikosekana, au makinda wapya wakitawanyika shamba likiwa limeiva, hakuna kalenda ya kumwonya mtu. Inabidi kulinda kila mwaka.

Zana za kulindia zilikuwa chache na nyingi bado zipo. Kwanza dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mabua ili mlinzi aone mpaka mwisho wa shamba. Halafu kombeo, linalorusha jiwe au donge la udongo. Kuna mjeledi mrefu unaolia kama bunduki ukichapwa hewani, na kamba zilizotandazwa kutoka dunguni kwenda pembe zote, zimefungwa makopo na vibuyu, ili mtoto mmoja akivuta shamba zima litikisike. Baadaye ziliongezeka debe na bati, kisha utepe wa kaseti uliokwisha kazi yake ya muziki: ukinyooshwa kati ya miti miwili huvuma na kumetameta upepo unapopita. Sanamu ya kutishia nayo husimamishwa, lakini kwelea huizoea upesi.

Kinachofanya kazi kuliko vyote ni binadamu anayesogea na kupiga kelele, na ni lazima awahi. Kwelea hulala akiwa na njaa na huamka nayo. Kundi likishatua na kuonja, kuling'oa ni shida. Suke likiwa na maziwa, ndege huibana punje kwa mdomo, akanyonya kilichomo na kuacha ganda likining'inia. Kwa mbali shamba laonekana zima. Mtu akilishika suke mkononi ndipo anapojua kwamba ameshika makapi.

Kazi hii ilikuwa ya watoto, wanawake na wazee, na ilitegemea jambo moja la msingi: watu kuishi karibu na mashamba yao. Ugogoni tembe zilitawanyika, kila ukoo na shamba lake mlangoni. Katika bonde la Rufiji mpunga ulilimwa kwenye ardhi inayofurika, na adui walikuwa wengi, ndege wakiwa sehemu tu ya msafara uliojumuisha nguruwe, nyani na viboko. Huko dungu lilikua likawa nyumba. Familia zilihamia mashambani na kukaa kwenye vibanda vilivyosimama juu ya nguzo ndefu, chini maji, juu jiko na kitanda, mpaka mavuno yaishe.

Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalileta Operesheni Rufiji. Serikali ya Tanzania iliwahamisha watu kutoka bondeni na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Operesheni Dodoma ikafuata mwaka 1970 na 1971, kisha katikati ya miaka hiyo ya 1970 nchi karibu nzima. Sababu zilizotolewa zilikuwa shule, maji, zahanati na usalama, na haikuwa rahisi kuzibishia. Ila mashamba hayakuhama. Mpunga ulibaki bondeni, mtama ulibaki kule kwenye tembe la zamani, na mwenye shamba akawa na mwendo mrefu kabla ya jua kuchomoza. Mipango hiyo ilihesabu kaya, visima na madarasa. Saa za kuamia ndege hazikuhesabiwa.

Halafu mlinzi mwenyewe akaondoka dunguni. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliweka lengo la kila mtoto wa Tanzania kuwa shuleni ifikapo mwaka 1977, na mamia ya maelfu ya watoto waliandikishwa. Hakuna mwenye akili atakayelilaumu azimio hilo kwa niaba ya mtama. Hata hivyo kazi iliyokuwa mikononi mwa mtoto wa miaka tisa haikufutika. Ilimwangukia mama, ambaye tayari alikuwa na ya kwake, au kibarua wa kulipwa, au ilifanywa nusunusu kwa utoro wa msimu ambao mwalimu yeyote wa nyanda za mtama anaufahamu.

Njia nyingine ilikuwa kuachana na mtama.

Suke la mtama na la uwele liko wazi, punje zimepangwa nje kama mezani. Hindi limefungwa ndani ya maganda, tabaka juu ya tabaka, na kwelea mwenye mdomo wa kupasulia mbegu ndogo hawezi kulifungua. Mahindi yalifika pwani ya Afrika Mashariki enzi za Wareno, lakini kuenea kwake bara kama chakula kikuu ni habari ya karne ya 20. Sababu zinazotajwa ni za kweli: mashamba ya walowezi Kenya yaliyozalisha mahindi meupe kwa ajili ya soko la nje, posho ya vibarua wa migodini na mashambani, mashine za kusaga, bei ya serikali. Ndege hutajwa mwishoni, kama hutajwa. Lakini mkulima aliyesimama kwenye shamba lake alikuwa akipiga hesabu ya mikono. Hekta moja ya mtama inataka mtu mzima kila siku kwa wiki nyingi. Hekta moja ya mahindi inamwachia mtu huyo afanye kazi nyingine au aende mjini. Mnyororo huo wa sababu, uhaba wa walinzi ukasababisha mahindi, mahindi yakasababisha ugali mweupe, unastahili nafasi kubwa zaidi kuliko uliyopewa.

Gharama yake inajulikana. Mahindi hayavumilii ukame kama mtama, na Dodoma ni nchi ya ukame. Wagogo waliuonja uchungu wa njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, vita na ukame vilipokutana. Tangu wakati wa Waingereza maofisa wamekuwa wakiwahimiza, na mara nyingine kuwaamuru, watu wa nyanda kavu walime mtama, uwele na muhogo kama akiba ya njaa. Mwaka mmoja kati ya kadhaa ofisa huwa na haki, mvua zikikatika mapema. Miaka iliyobaki mkulima ndiye mwenye haki, kwa sababu ukame huja mara kwa mara lakini mlinzi anahitajika kila msimu.

Sura mpya ilifunguliwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Kilimo cha mashamba makubwa kilipamba moto: ngano katika nyanda za juu za Kenya, skimu za umwagiliaji kama Mwea iliyoanza miaka ya 1950, na baadaye mashamba ya taifa ya Tanzania, mpunga wa Mbarali na Dakawa, ngano ya Hanang. Shamba la mamia ya hekta lililolimwa kwa trekta halina watoto wa kutosha wa kupanda madungu. Kwa hiyo ulinzi ukawa kazi ya serikali, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipobadilika bila kutangazwa. Mkulima alikuwa akilinda suke. Serikali ilianza kumwinda ndege, popote alipolala, hata kama mahali hapo ni kilomita nyingi kutoka shamba lolote.

Ili kumwinda ilibidi kumjua. Katika Tanganyika H. J. de S. Disney na J. W. Haylock walichapisha mwaka 1956 uchunguzi wao wa mahali kwelea wanakopatikana na jinsi wanavyozaa. Desmond Vesey-FitzGerald, mtaalamu wa nzige wekundu, aliongeza yake mwaka 1958. Silaha nazo hazikusubiri utafiti uishe. Katika miaka hiyo ya 1950, Afrika Mashariki, Kusini na Magharibi, watu walijaribu mashine za kurusha moto za jeshi, walizika baruti na mapipa ya petroli chini ya miti ya viota na kuilipua usiku, kisha ndege za angani zikaanza kunyunyiza parathioni, sumu kali iliyotengenezwa kwa ajili ya wadudu. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na fenthioni, ambayo ndiyo imetawala tangu hapo.

Namna yake ni hii. Mahali pa kulala pakishapatikana, rubani husubiri magharibi, kwelea wanapoingia matetani kwa makundi. Huruka chini na kuachia ukungu mwembamba wa sumu juu yao, nao huipata kwa ngozi na kwa pumzi. Asubuhi chini pamejaa mizoga. Tai, bundi, korongo na mbweha huja kula, nao hufa au kulewa. Wanakijiji pia huja, kwa kuwa nyama ni nyama, na maofisa hulazimika kuzunguka na vipaza sauti kuwaonya wasiokote.

Mwaka 1962 nchi za ukanda huu zilitia saini mjini Addis Ababa mkataba wa kuanzisha shirika la kupambana na nzige wa jangwani, DLCO-EA. Ndege zake na marubani wake vilikuwa rasilimali ambayo hakuna nchi iliyotaka ikae bure nzige wakiwa kimya, hivyo orodha ya maadui iliongezewa kwelea, viwavijeshi na mbung'o. Kwa vizazi viwili sasa, mkulima wa Kenya au Tanzania akisikia muungurumo wa ndege ya kunyunyiza, kuna uwezekano mkubwa ni ya shirika hilo.

Je, kwelea walipungua? Hapana. Kitabu kikubwa kilichohaririwa na Richard Bruggers na Clive Elliott mwaka 1989, kilichokusanya miaka mingi ya kazi ya watafiti wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na wengineo, kilikwisha kuikubali hali hiyo. Karibu nusu ya kwelea hufa kila mwaka hata bila kuguswa na mtu, na jozi moja huweza kuzaa zaidi ya mara moja katika mwaka mmoja ikiifuata mvua. Kuua milioni chache mahali fulani kunaokoa shamba la jirani msimu ule, si zaidi. Ndoto ya kumfuta barani ikafa polepole, na sera zikarudi zilikotoka: kulinda mazao yaliyo hatarini.

Wengine walijaribu kuupa mtama wenyewe silaha. Hugh Doggett, mtaalamu wa mtama aliyefanya kazi Tanganyika kisha Serere, Uganda, aliandika mwaka 1957 juu ya aina za mtama zinazowachukiza kwelea. Kutoka Serere ilikuja Serena, punje ya kahawia yenye tanini nyingi, kile kitu kinachokausha ulimi katika chai iliyokolea sana. Ndege humega na kuondoka, mradi ana pengine pa kwenda. Akikosa, hula hivyohivyo. Walaji nao walikuwa na ulimi. Serena ilifaa kwa pombe na kwa uji, ila ugali wake ulikuwa mweusi na mchungu, na Tanzania ilipotoa Tegemeo mwaka 1978, kisha Pato na Macia miaka ya 1990, zote zilikuwa za punje nyeupe ambazo watu huzipenda na ndege huzipenda zaidi. Uwele una kinga yake ya kale: aina zenye ndevu ngumu kwenye suke, ambazo humsumbua ndege anapotafuta pa kutua.

Kondoa kuna mtazamo mwingine kabisa. Huko Warangi na Wasandawe wamekuwa wakimtega kwelea kama kitoweo tangu zamani. Mitego ya jadi ni vikapu vilivyofumwa kwa mashina ya nyasi, vyenye mlango ambao ndege huingia akifuata chambo na asijue pa kutokea. Siku hizi nyavu zimeongezeka. Ndege hunyonyolewa, huchemshwa kwa chumvi, hukaangwa au kuanikwa, na huuzwa mafungu kwa mafungu. Mtafiti wa Kitanzania Boaz Mtobesya alizifanyia kazi mbinu hizi, akitafuta njia ya kuvuna ndege badala ya kuwapulizia sumu. Nchini Chad biashara hiyo ni kubwa zaidi: mwaka 2000 mtafiti Wim Mullié alikadiria kwamba wategaji wa maeneo ya N'Djamena hukamata kati ya milioni 5 na 10 kwa mwaka, na sehemu kubwa huishia kwenye karai la mafuta mjini. Idadi hiyo haimpunguzi kwelea, kama sumu isivyompunguza. Tofauti ni kwamba mtu anabaki na fedha mfukoni, na tai anabaki hai.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 mambo yote haya yalijitokeza kwa pamoja Kisumu. Ukame wa miaka mfululizo katika Pembe ya Afrika ulikuwa umemaliza mbegu za nyasi, na kwelea walimiminika kwenye mpunga. Ekari 300 hivi ziliharibiwa, na serikali ya Kenya ikatangaza operesheni ya kuua hadi ndege milioni 6. Wahifadhi walilalamikia fenthioni, wakitaja samaki, mito na ndege wengine. Wakulima walijibu kwa kuonyesha mashamba. Wakati mjadala ukiendelea redioni, vijana waliokodiwa walikuwa wakitembea kwenye matuta ya majaruba wakirusha matope na kupiga kelele tangu macheo, kwa ujira wa siku.

Ujira huo ndio unaoamua mengi sasa. Kampuni za bia zilianza kununua mtama mweupe wa aina ya Gadam kutoka wakulima wa mashariki mwa Kenya, na viwanda vya Tanzania navyo vinanunua Dodoma na Singida. Mtama uliotupwa kwa sababu ya ndege umerudi kwa sababu ya bia. Mkulima anayetia saini mkataba hupiga hesabu ya mbegu, ya palizi na ya mlinzi, na akilisahau hilo la tatu mavuno humkumbusha.

Fenthioni nayo iko njiani kuminywa. Chad, yenyewe mteja wa sumu hiyo, iliomba miaka mingi iliyopita kwamba aina yake inayonyunyizwa kutoka angani iingizwe katika Mkataba wa Rotterdam, unaotaka nchi inayopelekewa kemikali hatari iulizwe kwanza. Ombi lilikwama mkutano baada ya mkutano kwa pingamizi za nchi chache, hadi mwaka 2025 lilipokubaliwa. Si marufuku, ila kila shehena sasa ina maswali ya kujibu. Tanzania kwa upande wake imeanza kutumia ndege zisizo na rubani, ambazo hunyunyiza eneo dogo kwa usahihi zaidi kuliko ndege kubwa na kwa sumu kidogo. Chombo hicho hakijui kwelea wamelala wapi. Hilo bado hutafutwa na watu wa vijijini na mabwana shamba, ambao jioni husimama mahali pa wazi, hutazama makundi yanaelekea upande gani, kisha huyafuata kwa pikipiki na kwa miguu hadi kwenye matete.